Sumaku inayosaidia kuona virusi

MTOTO wako akikojoa damu baada ya kuoga katika lambo la Taru au kijito cha Msambweni, usidhani ni jua kali. Huenda ana kichocho. Mpeleke hospitalini apimwe. Mkojo unaofaa ni wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai ya minyoo hutoka kwa wingi.

Yai hilo lina urefu wa karibu milimita 0.15 na mwiba mkiani. Mtaalamu wa maabara huliona kwa hadubini ya kawaida, yenye lenzi za kioo.

Lakini je, kirusi cha UKIMWI? Hicho ni kidogo mno. Virusi 8,000 hivi vikipangwa mstari mmoja, ndipo utapata milimita 1. Mwanga wa kawaida hauwezi kukionyesha. Hapo hutumiwa elektroni, na kwa kuwa haziwezi kupenya lenzi ya kioo, hukusanywa kwa sumaku. Ernst Ruska na Max Knoll walitengeneza hadubini ya kwanza ya aina hiyo mjini Berlin mwaka 1931. Mwaka 1976, hadubini kama hiyo ilionyesha kirusi cha Ebola, kilichoua watu Yambuku, nchini Kongo.

Sumaku isiyotaka umeme

Mara nyingi lenzi hiyo ni koili ya waya wa shaba yenye umeme. Umeme ukiyumba, picha hufifia. Koili kubwa pia hupata moto, ikabidi ipozwe kwa maji.

Njia nyingine ni sumaku ya kudumu: pete ya sumaku kati ya vyuma viwili vilivyotobolewa katikati, elektroni zikapita tunduni. Lenzi hii haili umeme wala haijipashi moto, ingawa mashine yenyewe bado huhitaji umeme wa kurusha elektroni na kuondoa hewa ndani.

Kasoro yake ni kwamba huwezi kuiongeza au kuipunguza nguvu kwa kuzungusha kitasa. Mbunifu hana budi kupima tundu na nafasi kati ya vyuma kwa uangalifu mkubwa, kisha picha irekebishwe kwa kubadilisha kasi ya elektroni. Joto nalo hupunguza nguvu ya sumaku, jambo la kuzingatiwa huku Pwani.

Sumaku kali za leo huundwa kwa neodimiamu, mojawapo ya madini adimu. Madini ya jamii hiyo yamo katika kilima cha Mrima, humu humu Kwale, penye msitu wa kaya unaoheshimiwa na Wadigo.

Hata hivyo, msomaji, usingoje mashine kubwa. Kichocho huonekana kwa hadubini ya kawaida na hutibiwa kwa tembe za prazikwanteli. Kikiachwa, huharibu kibofu na figo, na huweza kuleta saratani ya kibofu. Na ukiuziwa bangili ya sumaku eti ni dawa, kataa. Sumaku humsaidia mtaalamu kuona kirusi; haitibu kichocho.