Hewa Iliyookoa Handaki

Sikilizeni, wanangu, niwape kisa cha maji yaliyotafuna zege, na hewa iliyoyazuia.

Mwaka 1983, huko Arizona, Marekani, theluji ya milimani iliyeyuka kwa wingi na mto Colorado ukafurika. Bwawa la Glen Canyon, lenye ukuta wenye kimo cha mita 216, likajaa pomoni. Wahandisi wakaongezea plaiwudi juu ya milango ya kutolea maji ili kuyazuia, huku mengine wakiyatoa kwa handaki lililochimbwa mwambani, kando ya ukuta. Baada ya siku chache tu, ngurumo zikaanza kusikika. Baadaye mdomo wa handaki ukatema vipande vya zege la kuta zake, na maji yakatoka mekundu. Wekundu ule ulikuwa wa mwamba wenyewe! Maji yalishamaliza zege, sasa yanakula mlima. Walipofunga na kuingia ndani, walikuta shimo la kina cha mita kama 10.

Maji matupu yamewezaje?

Mle handakini yalikuwa yakikimbia zaidi ya mita 30 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, nundu ndogo tu ukutani inatosha kuleta balaa: nyuma yake mgandamizo hushuka mno, na maji huchemka yakiwa baridi, bila moto wowote. Viputo vya mvuke vinazaliwa. Vikisogezwa mbele kidogo, mgandamizo unapanda, mvuke unageuka maji papo hapo, kiputo kinabaki kitupu. Maji ya pande zote huvamia uwazi ule na kuupiga ukuta. Pigo moja ni dogo, lakini yakija mamilioni mahali pamoja, hata chuma hutoboka.

Dawa yake naipenda sana. Walikata mfereji kuuzunguka ukuta wa handaki. Maji yakifika pale yanauruka, chini yake panabaki uwazi unaojaa hewa, na hewa hiyo huvutwa na kuchanganyika na maji. Sasa chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole, kisha sukuma. Umeona hewa inavyokurudisha? Mvuke hugeuka maji na kutoweka. Hewa haitoweki, hubonyea tu, na pigo linafia humo.

Mwaka 1984, baada ya shimo kuzibwa, handaki lilifunguliwa tena kwa majaribio, maji yakapita kwa kishindo. Wakaguzi walipoingia, zege lilikuwa zima.