Adabu ya maneno ilivyogeuka silaha ya kura Marekani

Tarehe 6 Agosti 2015, watu wapatao milioni 24 walikaa mbele ya televisheni kutazama mdahalo wa kwanza wa wagombea urais wa chama cha Republican, mjini Cleveland. Mtangazaji Megyn Kelly alimsomea Donald Trump majina aliyowahi kuwabandika wanawake, nguruwe na mbwa yakiwemo, akamuuliza kama hiyo ndiyo hulka ya mtu wa kuchaguliwa kuwa rais. Trump alianza kwa kumkejeli mchekeshaji mmoja wa kike, ukumbi ukaangua kicheko. Kisha akasema tatizo kubwa la nchi ni kuendekeza usahihi wa kisiasa, na kwamba yeye hana muda wa mambo hayo, wala nchi haina. Makofi yakavuma.

Wachambuzi wengi walisema amejimaliza. Baada ya miezi 15 alichaguliwa kuwa rais.

Wapo waliofurahia matusi yenyewe, na hilo halifichiki. Lakini wapo pia waliomwona mtu anayegoma kusahihishwa hadharani, jambo ambalo wao makazini kwao hawalithubutu. Atakayewachanganya watu hao katika kapu moja hataelewa siasa za Marekani za miaka hii kumi, wala zile za Ulaya zinazofuata nyayo zake.

Usahihi wa kisiasa ni ile desturi ya kuchunga maneno na mienendo ili kutowadhalilisha watu waliodharauliwa kwa muda mrefu: weusi, wanawake, wahamiaji, wenye ulemavu, wapenzi wa jinsia moja. Ni nadra kumpata mtu anayejitangaza kuwa mfuasi wake. Katika miaka ya 1970 wanaharakati wa mrengo wa kushoto walilitumia jina hilo kutaniana wao kwa wao, mwenzao anapozidisha ukali wa msimamo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 limekuwa zaidi mdomoni mwa wapinzani, kama lawama.

Chimbuko la desturi yenyewe lilikuwa uchungu wa kweli. Mapema mwaka 1987, katika Chuo Kikuu cha Michigan mjini Ann Arbor, kilisambazwa kipeperushi kilichotangaza kwamba msimu wa kuwawinda watu weusi umefunguliwa. Redio ya chuo nayo ikarusha mizaha ya kibaguzi. Wanafunzi weusi walidai walindwe, na walikuwa na kila haki ya kudai. Mwaka uliofuata chuo kikapitisha kanuni za kuwaadhibu wanaowadhalilisha wenzao kwa misingi ya rangi, jinsia, dini na mengineyo. Ila kanuni hizo ziliandikwa kwa upana uliopitiliza. Mwanafunzi mmoja wa shahada ya juu ya saikolojia alikwenda mahakamani, kwa hofu kwamba kujadili darasani nadharia za tofauti za kibaiolojia kati ya wanaume na wanawake kungemtia hatiani. Mwaka 1989 mahakama ya shirikisho ikamkubalia na kanuni zikaanguka.

Jambo la kuuma ni kwamba, baada ya hukumu ile, umma haukukumbuka tena kipeperushi. Ulikumbuka kanuni. Desemba 1990 jarida la Newsweek liliweka mjadala wa vyuo vikuu kwenye jalada lake, likizungumzia polisi wa fikra. Tarehe 4 Mei 1991 Rais George H. W. Bush alikwenda kuhutubia mahafali ya chuo hichohicho cha Michigan. Huyu ni rais aliyekuwa ametia saini sheria kubwa ya haki za watu wenye ulemavu Julai 1990, kwa hiyo haikuwa rahisi kumwita mtu asiyejali wanyonge. Alisema usahihi wa kisiasa ulizaliwa na nia njema ya kufagia mabaki ya ubaguzi na chuki, lakini unaweka chuki mpya mahali pa zile za zamani.

Ulikuwa ukosoaji wenye kipimo. Mwaka mmoja baadaye kipimo hicho kilitupwa. Agosti 1992, katika mkutano mkuu wa Republican mjini Houston, mwanasiasa wa chama hicho Pat Buchanan alipanda jukwaani na kutangaza kwamba nchi imo katika vita vya kidini na vya kitamaduni, vya kugombea roho ya Marekani. Maneno ya “vita vya utamaduni” yalikuwa tayari yameenea kutokana na kitabu cha mwanasosholojia James Davison Hunter cha mwaka 1991. Hunter alikuwa akieleza mgawanyiko uliopo. Buchanan alikuwa akiwaita watu vitani. Wanasiasa wakagundua kwamba hasira ya mtu aliyesahihishwa hugeuka kura, na haigharimu bajeti yoyote.

Nchini Uingereza magazeti yaliongeza kuni nyingine: uvumi. Halmashauri ya Jiji la Birmingham ilikuwa na shughuli nyingi za kuutangaza mji wakati wa baridi, ikazifunga zote katika jina moja la matangazo, Winterval. Jina hilo lilitumika misimu miwili tu, mwaka 1997 na 1998, na chini yake zilikuwemo sherehe za dini mbalimbali na zisizo za kidini, Krismasi na Diwali miongoni mwake. Askofu wa Kianglikana wa Birmingham alilalamika, magazeti yakadaka, na habari ikageuka: Krismasi imepigwa marufuku ili Waislamu wasikwazike.

Krismasi haikuguswa. Mbele ya jengo la halmashauri kulitundikwa bango lenye salamu za Krismasi. Miti iliyopambwa ilisimama kwenye viwanja vya mji, kwaya za shule zikaimba nyimbo za kuzaliwa kwa Yesu, na meya akatuma kadi zenye picha za Krismasi. Hayo yalielezwa tangu siku za mwanzo na hayakusaidia kitu. Kila Desemba ikifika, wanasiasa na waandishi wa safu walikitoa kisa kile upya. Gazeti la Daily Mail lilichapisha masahihisho Novemba 2011, likakiri kwamba Winterval lilikuwa jina la pamoja la msimu wa shughuli, na kwamba halikuchukua nafasi ya Krismasi. Miaka 13 ilikuwa imepita. Na waliobebeshwa lawama muda wote huo walikuwa Waislamu wa mji ule, ambao hawakuwa wameomba lolote libadilishwe.

Hata hivyo, kuukataa uvumi hakutoshi kulielezea jambo lote, maana malalamiko mengine yana msingi. Mwaka 2018 shirika la More in Common lilitoa utafiti wake wa maoni ya Wamarekani wapatao 8,000. Asilimia 80 walisema usahihi wa kisiasa ni tatizo nchini mwao. Hapo mtu angedhani ni wazee wa kizungu wanaolilia enzi zao, lakini hesabu zinakataa: miongoni mwa weusi walikuwa asilimia 75, na miongoni mwa wenye asili ya Amerika ya Kilatini asilimia 87. Vijana chini ya miaka 24 walikuwa asilimia 79. Kilichowatenganisha watu kilikuwa kipato na elimu. Waliolalamika walikuwa wengi zaidi kati ya wenye kipato cha chini ya dola 50,000 kwa mwaka kuliko wenye zaidi ya dola 100,000, na wasiofika chuo waliwazidi mbali wenye shahada za juu. Katika utafiti huohuo, asilimia 82 walisema maneno ya chuki nayo ni tatizo. Hawakuwa wanaomba ruhusa ya kutukana.

Takwimu hizo zinastahili kusomwa kwa utulivu. Mtu anaweza kuwa mwema kwa jirani yake mweusi au mhamiaji na bado akaogopa kikao cha ofisini ambako maneno sahihi hubadilika kila baada ya miaka michache, na mabadiliko hayo huwafikia kwanza waliosoma. Asiyeyajua huonekana mbaguzi, wakati kosa lake ni kupitwa. Adabu ikishakuwa alama ya tabaka, wanaoikosa huichukia pamoja na wanaoimiliki, na wale iliyokusudiwa kuwalinda husahaulika.

Neno “Latinx” ni mfano unaoonekana wazi. Lilibuniwa ili kuwataja watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini bila kutaja jinsia ya kiume wala ya kike, jambo ambalo sarufi ya Kihispania hulilazimisha. Vyuo, mashirika na wanasiasa wa chama cha Democrat walilikumbatia. Mwaka 2020 kituo cha utafiti cha Pew kiliwauliza wahusika wenyewe. Robo hivi walikuwa wamelisikia. Asilimia 3 walilitumia. Ruben Gallego, wakati huo mbunge wa Democrat kutoka Arizona na mwenyewe wa asili hiyo, aliwakataza watumishi wa ofisi yake kuliandika katika mawasiliano rasmi. Mwaka 2024 alishinda useneta katika jimbo ambalo Trump alishinda kura za urais. Upande wa pili, Januari 2023, gavana mpya wa Arkansas, Sarah Huckabee Sanders, alitumia siku yake ya kwanza ofisini kutia saini amri ya kulipiga marufuku neno hilo katika nyaraka za serikali ya jimbo.

Amri ile ilionyesha upepo unakoelekea. Walioingia madarakani kwa kulalamikia udhibiti wa maneno walianza kudhibiti maneno, tena wakiwa na sheria mkononi. Aprili 2022 gavana wa Florida, Ron DeSantis, alitia saini sheria ya kuzuia namna fulani za kufundisha kuhusu rangi na ubaguzi vyuoni na katika mafunzo ya kazini. Novemba mwaka huo Jaji Mark Walker aliizuia isitumike vyuo vikuu, akiianza hukumu yake kwa kumnukuu mwandishi George Orwell. Shirika la waandishi la PEN America lilihesabu zaidi ya matukio 10,000 ya vitabu kuondolewa katika shule za umma za nchi hiyo kwa mwaka wa masomo wa 2023 hadi 2024.

Trump aliporudi Ikulu tarehe 20 Januari 2025, siku hiyohiyo aliamuru programu za serikali za utofauti, usawa na ujumuishi zifungwe, na Ghuba ya Mexico iitwe Ghuba ya Amerika. Shirika la habari la Associated Press lilisema litaendelea kutumia jina la karne nyingi, huku likilitaja lile jipya. Tarehe 11 Februari mwandishi wake alizuiwa kuingia katika ofisi ya Rais. Aprili jaji aliyeteuliwa na Trump mwenyewe aliamua kwamba serikali haiwezi kuwafungia waandishi mlango kwa sababu ya maneno wanayoyachagua. Juni mahakama ya rufaa ikasimamisha sehemu kubwa ya uamuzi huo. Katika wizara ya ulinzi, ili kufuta mambo ya utofauti na ujumuishi, picha zaidi ya 26,000 ziliwekewa alama ziondolewe. Miongoni mwake zilikuwemo za Enola Gay, ndege iliyodondosha bomu la atomiki Hiroshima, ambayo rubani wake aliipa jina la mama yake. Inavyoelekea, kilichoiponza ni neno “Gay”, ambalo kwa Kiingereza huwataja pia wapenzi wa jinsia moja.

Afrika Mashariki haikubaki mtazamaji. Misaada ya nje ilisitishwa siku hiyo ya kwanza, na sababu zilizotolewa zilikuwa kadhaa. Lakini msemaji wa Ikulu alipoutetea uamuzi huo mapema Februari, mifano aliyoichagua ilikuwa ya vita vya utamaduni: mradi wa ujumuishi makazini huko Serbia, onyesho la muziki Ireland. Ni miradi midogo mno, na iliteuliwa kwa sababu humkera mpiga kura wa Marekani. Tarehe 10 Machi Waziri wa Mambo ya Nje Marco Rubio alitangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la Marekani, zimefutwa. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na huduma nyingi za Ukimwi zilizotegemea fedha za Marekani kupitia PEPFAR, mpango ulioanzishwa mwaka 2003 na rais wa Republican, George W. Bush. Hata pale ambapo matibabu yaliruhusiwa kuendelea, dawa za kujikinga na maambukizi zilibakizwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Msichana wa Kisumu asiye mjamzito aliyekuwa akizipata kwa fedha hizo aliondolewa katika hesabu, na hakuwa na neno lolote katika ugomvi ule.

Kambi ya Democrat nayo imeanza kujikagua. Agosti 2025 taasisi ya Third Way, iliyo karibu na chama hicho, ilichapisha orodha ya maneno na misemo zaidi ya 40 ambayo wanasiasa wake wanashauriwa kuyaacha, kwa hoja kwamba humfanya mwananchi wa kawaida ajione anahutubiwa na mtu aliye juu yake. “Latinx” limo.

Wiki chache baadaye zamu iligeuka kabisa. Mwanaharakati wa kihafidhina Charlie Kirk aliuawa kwa risasi katika chuo kimoja cha Utah tarehe 10 Septemba. Makamu wa Rais J. D. Vance, ambaye Februari alikuwa Munich akiwakaripia viongozi wa Ulaya kwa kubana uhuru wa kusema, aliwahimiza wananchi wawaripoti kwa waajiri wao wale wanaoshangilia kifo hicho. Walimu na wafanyakazi wengine walifukuzwa kazi kwa walichoandika mitandaoni, na si wote walioshangilia. Mkuu wa mamlaka ya mawasiliano, Brendan Carr, alitishia hadharani kuchukua hatua kwa sababu ya maneno ya mchekeshaji Jimmy Kimmel kuhusu mauaji hayo. Kituo cha ABC kikakisimamisha kipindi cha Kimmel kwa siku kadhaa.

Miongoni mwa waliosimama kulipinga hilo ndani ya Republican alikuwa Seneta Ted Cruz wa Texas, mtu asiyempenda Kimmel hata kidogo. Alimfananisha Carr na jambazi wa sinema za mafia anayekuja kumtisha mwenye baa, na akawaonya wenzake kwamba Democrat watarudi madarakani siku moja, watakuta njia imeshafunguliwa, na wataitumia kuwanyamazisha wahafidhina. Trump aliulizwa kuhusu onyo hilo akiwa ofisini kwake. Alisema hakubaliani na Cruz, na kwamba Carr ni mzalendo.