Gusa, Vuta, Fungua: Makumbusho ya Watoto Yanavyofanya Kazi

Ukiingia kwenye makumbusho mengi, neno la kwanza utakalolisoma ukutani ni "Usiguse". Mtu mzima halimpi shida. Anasoma kibao, anapiga picha, anasonga mbele. Kwa mtoto wa miaka saba hiyo ni adhabu. Ndiyo maana kuna aina nyingine ya makumbusho ambayo sheria yake imegeuzwa: usipogusa, hujaona kitu. Nayaandikia hayo kwa sababu wengi wetu, hasa tunaosomea ualimu na sayansi, tutakwenda mazoezi ya kufundisha sehemu kama kwetu Lufingo, wilayani Rungwe, ambako jengo la namna hiyo hakuna na halitajengwa kesho.

Tuanze na historia kidogo. Makumbusho ya kwanza duniani yaliyotengwa kwa ajili ya watoto yalifunguliwa Brooklyn, New York, mwaka 1899. Boston wakafuata mwaka 1913. Hata hivyo kwa miaka mingi vitu vingi vilibaki nyuma ya vioo. Mambo yalibadilika sana pale Michael Spock alipokuwa mkurugenzi wa makumbusho ya Boston mwaka 1962. Akaanza kuondoa vioo, na akaandaa maonyesho ya vitu vya kawaida vya nyumbani na mtaani vilivyokatwa katikati, ili mtoto aone kilichomo ndani. Mwaka 1969 mwanafizikia Frank Oppenheimer, mdogo wake Robert yule wa bomu la atomiki, akafungua Exploratorium kule San Francisco. Kabla ya hapo Frank alikuwa amefukuzwa kwenye kazi za chuo kwa sababu za kisiasa, akaishia kufuga ng'ombe Colorado na baadaye kufundisha sekondari ya kijijini. Mtu aliyepitia ufugaji na darasa la kijijini alijua kwamba maabara inaweza kuanzia kwenye vyuma chakavu.

Sasa, siri ya sehemu hizi ni nini? Kwa nilivyoelewa mimi, ni mambo matatu. Kwanza, mtoto anakutana na jambo lenyewe kabla ya jina lake. Ananyanyua mzigo kwa nyenzo ndefu, kisha kwa fupi, anasikia tofauti mkononi, halafu ndipo anaambiwa neno "egemeo". Pili, kila kifaa kinamwachia mtoto kitu cha kubadilisha, kama urefu, uzito au mteremko, na kinampa jibu palepale. Kifaa chenye kitufe kimoja tu cha kubonyeza kinachosha baada ya dakika moja. Tatu, kuna mtu wa kuuliza. Exploratorium iliwatumia vijana wa sekondari kama waelezaji tangu mwanzo. Hawatoi mhadhara. Wanasimama karibu na kifaa na kumwuliza mtoto, "Ukiweka huku itakuwaje?"

Hapa Tanzania hatujakaa bure. Dar es Salaam ina Kijiji cha Makumbusho, pale Barabara ya Bagamoyo, ambapo tangu miaka ya 1960 nyumba za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa wake halisi, unaingia mpaka ndani. Tanga mjini kuna STEM Park, iliyoanzishwa na Projekt Inspire kwa kushirikiana na Halmashauri ya Jiji, na watoto wanacheza na sayansi kwa mikono yao. Shida ni umbali. Kutoka Rungwe mpaka Dar ni kama kilomita 900, na kwa mzazi anayeuza ndizi Tukuyu, nauli hiyo ni ada, sare na daftari za mwaka mzima.

Lakini tusiseme watoto wa Lufingo wanaanzia sifuri. Mtoto anayetengeneza gari la mgomba, matairi ya ndala kuukuu na ekseli ya kijiti, ameshapambana na msuguano kabla hajalisikia neno hilo. Hata zamani mambo yalikuwa hivyo. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Unyakyusa miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha 1951 jinsi wavulana wa miaka kumi au kumi na moja walivyotoka kwa baba zao na kuanzisha kijiji chao wenyewe, wakijenga vibanda vidogo kwanza na nyumba kamili baadaye. Wasichana hawakupewa nafasi hiyo, na hapo hatuna sababu ya kuwaiga wazee. Ila wazo la kujifunza kujenga kwa kujenga lilikuwepo.

Nilipokuwa mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya msingi wilayani, darasa lilikuwa na watoto zaidi ya themanini. Mada ilikuwa kuelea na kuzama. Niliomba ndoo, nikawatuma watoto walete mawe ya aina yoyote. Kwetu mawe mepesi yenye vitundu yapo. Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu miaka kama 4,000 iliyopita na kumwaga pumisi eneo kubwa. Jiwe likaelea, darasa likalipuka kwa kelele. Ndipo binti mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, na likikaa siku nyingi?" Swali hilo halikuwa kwenye andalio langu la somo. Tukaiacha ndoo kwenye kona. Ilipofika siku ya nne baadhi ya mawe yalikuwa chini, na watoto wenyewe wakasema maji yameingia kwenye vitundu na kuitoa hewa. Densiti wameishika bila kukariri.

Mwalimu mmoja mwenyeji aliniambia kwa upole, "Mwalimu, mtihani hautauliza ndoo." Hoja yake si ya kupuuza. Ana muhtasari wa kumaliza, na matokeo ya darasa la saba ndiyo yanayompima. Jibu langu ni kwamba ndoo ilikula kipindi kimoja tu, na mada ile sikuhitaji kuirudia. Pia watoto themanini hawaenei kwenye ndoo moja. Inabidi makundi, ndoo nane, na watu wanane wa kusimama pembeni kuuliza maswali. Watu hao ndio sisi.

Vipo vitu vingine visivyohitaji mfadhili. Chukua nguzo, ipigwe rangi: Dodoma hupata mvua ya karibu milimita 600 kwa mwaka, inafika kiunoni kwa mtoto. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000, inampita hata mwalimu. Mtoto akisimama kando ya nguzo ile ataelewa kwa nini kwao chai inastawi. Redio iliyokufa ikifunguliwa na bisibisi mbele ya watoto ni onyesho tosha, ilimradi isiwe na umeme. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, na majina ya Kinyakyusa yawekwe pembeni.

Kuna onyo moja. Kitu kinachoguswa huharibika, na makumbusho ya aina hii yote yana karakana na mafundi. Tukipeleka vifaa shuleni kisha tukaondoka, baada ya muhula mmoja vitakuwa vimefungiwa stoo. Kwa hiyo fundi seremala wa kijijini ahusishwe tangu siku ya kwanza, na vifaa viwe vya kutengenezeka palepale.

Likizo ndefu inakuja. Napendekeza wanafunzi wanaotoka wilaya moja wakutane kabla ya kufunga chuo, wachague shule moja ya nyumbani, waombe kibali kwa mwalimu mkuu, na kila mmoja abebe kifaa kimoja. Wa Rungwe tuonane ofisi ya serikali ya wanafunzi. Ndoo ninazo mbili, zimebaki sita.