Springi mpya kwa MGB kuukuu: nani anapata faida?

Katika soko la magari ya zamani ya michezo nchini Uingereza, MGB yenye bampa za mpira kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini kuliko ile ya bampa za kromu. Wanunuzi wenye mitaji midogo huona hapo pana nafasi: kununua iliyo rahisi, kubadili springi nyumbani, kisha kuuza kwa bei nzuri. Hesabu hiyo ina upande mmoja tu.

MGB ilitengenezwa katika kiwanda cha Abingdon kuanzia 1962 hadi 1980. Zilitoka zaidi ya 500,000, ndiyo maana vipuri vyake si adimu. Balaa lilitokea Marekani. Mwaka 1974, ili kutimiza sheria za huko kuhusu bampa na kimo cha taa, kampuni ya British Leyland ilikwepa gharama ya kuchora upya sura ya gari. Ililivisha bampa nzito za mpira, kisha ikaliinua kama inchi moja. Gari lililosifiwa kwa kushika barabara likaanza kulala kwenye kona. Mwaka 1975, kwa kubana matumizi, hata fito ya mbele inayozuia gari kulala iliondolewa. Marekebisho yalikuja 1977, ambapo fito ya nyuma nayo iliwekwa kwenye magari yote. Mnunuzi asiyeuliza mwaka wa gari huenda akalaumu springi kwa kosa la fito.

Kazi yenyewe humpima mtu subira. Nyuma kuna springi za mabamba, ambazo hazimtishi mwenye spana nzuri: bodi huegemezwa kwenye stendi imara, ekseli hubebwa na jeki, nati zenye kutu hulowekwa mafuta tangu jana yake. Mbele ni habari nyingine. Springi ya mviringo imebanwa kwa nguvu kati ya fremu na sahani ya chini, wakati shokapu yenyewe ndiyo mkono wa juu unaoshikilia gurudumu. Jeki huwekwa chini ya sahani hiyo kabla ya bolti ya juu kufunguliwa, kisha hushushwa taratibu mpaka springi imalize nguvu zake. Ikichomoka kabla ya hapo inaweza kuvunja mkono wa fundi. Asiye na vifaa hivyo afadhali alipe gereji. Fedha hiyo haipotei.

Wapo wanaochukua njia ya mkato: kukata pindo la springi kwa grainda, au kuipasha moto mpaka ikae chini. Springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi, na mwisho wake haukai sawasawa. Iliyopashwa moto chuma chake kimeharibika. Mnunuzi mjuzi akiinama chini ya gari na kuona alama ya grainda, hupunguza bei papo hapo, tena bila kusema sababu.

Anayefanya kwa utaratibu hununua springi kwa jozi, hubadili na bushi zilizochoka, na haikazi bolti za bushi hizo mpaka gari lisimame juu ya magurudumu yake. Baada ya hapo ni kupima alaimenti na kurekebisha mwanga wa taa. Asisahau kwamba bomba la moshi la MGB liko chini tangu awali; kila sentimita inayoshushwa italipwa kwenye matuta.

Kuna na karatasi. Tangu Mei 2018, magari mengi ya Uingereza yenye umri wa zaidi ya miaka 40 hayalazimiki kukaguliwa kila mwaka, mradi hayajabadilishwa kwa kiasi kikubwa. Kubadili springi kwa springi za aina ile ile hakuvunji sharti hilo. Kubadili aina nzima ya mfumo kunaweza kulivunja. Kampuni ya bima nayo iarifiwe, kwani mabadiliko yaliyofichwa huweza kuharibu madai siku ya ajali.

Kwa mwenye nia ya kuendesha, springi fupi zilizo bora humrudishia gari karibu na lilivyokuwa kabla ya 1974. Kwa mwenye nia ya kuuza, hazigeuzi bampa za mpira kuwa za kromu, na mnunuzi atalipa kidogo kwa jasho la mtu mwingine. Springi za kiwandani zisiuzwe kwa chuma chakavu. Zifungwe kwenye boksi pamoja na risiti, ziondoke na gari.