Oili ya Gari Haipimwi kwa Hofu

Katika nyumba nyingi za pwani yetu, gari si pambo la kuegeshwa mlangoni ili majirani walitazame. Ndilo lipelekalo watoto shuleni asubuhi na madrasa alasiri, ndilo lichukualo mgonjwa usiku wa manane, na ndilo libebalo mizigo ya biashara kutoka soko la Kongowea. Mara nyingi mwenye kulishika usukani ni mama wa nyumba, kwa kuwa mume yuko Nairobi, au yuko melini, au amekwenda Ghuba kutafuta riziki. Basi si ajabu moyo wake kushituka anapoambiwa kwamba oili ya injini imepungua na siku ya sevisi bado iko mbali. Hujiuliza: je, injini inakufa? Je, fundi ameniibia? Je, tuliuziwa gari bovu?

Maswali haya tumeulizwa mara nyingi na kina mama, nasi tumeona yastahili jibu la uwazi. Tuliwaendea mafundi tunaowaamini, tukasoma na vitabu vya magari vinavyotolewa na watengenezaji. Tuliyoyapata twayaweka hapa kwa lugha nyepesi, ili kila mwenye gari aweze kujihukumia jambo lake mwenyewe.

Yafaa tuanze na kazi ya oili. Ndani ya injini mna vyuma vinavyosuguana kwa kasi isiyoonekana kwa macho. Injini inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde moja. Lau vyuma hivyo vingegusana vikavu, vingeungua na kushikana kwa muda mfupi mno. Oili huingia kati yao ikavilainisha, huchukua sehemu ya joto, hubeba uchafu hadi kwenye filta, na husaidia ringi za pistoni kuziba nafasi iliyobaki kati ya pistoni na silinda.

Sasa, pistoni inaposhuka, ringi zake hukwangua oili ukutani mwa silinda, lakini haziimalizi yote. Hubaki utando mwembamba. Moto wa petroli unapowaka, sehemu ndogo ya utando huo huungua na kutoka na moshi. Oili nyingine hupenya polepole kwenye vishina vya valvu. Kwa hiyo injini isiyotumia oili hata tone ni nadra kupatikana. Kupungua pekee si dalili ya maradhi, kama vile kutoka jasho si dalili ya homa. Lenye kuulizwa ni kiasi gani, na katika masafa gani.

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Baadhi ya vitabu vya magari huandika kwamba injini yaweza kutumia hadi lita 1 kwa kila kilomita 1,000. Wako mafundi na wauzaji wanaolishika neno hilo wakamwambia kila mteja kuwa gari lake ni zima. Lakini hicho ni kikomo cha mwisho, si desturi ya injini yenye afya. Injini nyingi zilizo katika hali njema hutumia sehemu ndogo tu ya kiasi hicho.

Tena hata kiasi kidogo chaweza kuleta hasara ikiwa hakuna anayekitazama. Tuchukue gari dogo linalobeba lita 4 za oili, na sevisi yake hufanywa kila baada ya kilomita 5,000. Likitumia lita 0.3 kwa kila kilomita 1,000, hakuna fundi atakayesema kwamba limeugua. Lakini kufikia siku ya sevisi litakuwa limekula lita 1 na nusu, na ndani mtabaki lita 2 na nusu tu. Katika magari mengi madogo, nafasi iliyo kati ya alama ya juu na alama ya chini kwenye kijiti cha kupimia ni kama lita 1. Maana yake ni kwamba gari hilo limekwisha kupita alama ya chini kabla ya kilomita 4,000, na mwenyewe angali anasubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kibandiko cha gereji. Injini nzima huuawa hivyo, wala si kwa ubovu wake.

Twamjua mama mmoja wa mtaa wetu ambaye mumewe yuko kazini Doha. Gari lao ndilo apelekalo vyakula anavyopika kwa ajili ya harusi na hitima, na ndilo ategemealo kwa karo ya watoto. Alipoona oili imepungua, fundi wa kwanza alimwambia, "Gari zote zala oili, mama. Usijisumbue." Wa pili alimwambia, "Injini hii imekwisha, mama. Sharti ifunguliwe." Gharama aliyotajiwa ilikuwa ni akiba yote ya nyumba. Alikosa usingizi, na simu za usiku kati yake na mumewe zikawa za lawama: nani aliyelichagua gari hili, nani aliyelipeleka kwa nani. Ajabu ni kuwa katika mafundi wale wawili, hakuna aliyepima.

Wanazuoni wa fikihi wana kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Kanuni hiyo ni ya ibada na hukumu, lakini mafunzo yake yafaa hata chini ya boneti. Mama yule alishauriwa kuacha kukisia na kuanza kupima. Alinunua daftari dogo, akajaza oili hadi alama ya juu, akaandika kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi. Baada ya kilomita 1,000 akapima tena, akaona imeshuka nusu ya nafasi, yaani kama nusu lita. Kisha akatandika kadibodi chini ya gari usiku kucha, na asubuhi akakuta matone meusi. Fundi wa tatu, alipoonyeshwa daftari na kadibodi, hakuwa na la kubahatisha: gasketi ya kifuniko cha juu cha injini ilikuwa imekauka na kupasuka. Ilibadilishwa siku hiyohiyo kwa fedha ambazo hazikuigusa akiba, na daftari la mwezi uliofuata likaonyesha kwamba oili imetulia.

Njia ya kupima si ngumu, nayo haihitaji nguvu za mwanamume. Gari lisimamishwe mahali palipo sawa, si kwenye mteremko. Wakati mwepesi kwa walio wengi ni asubuhi kabla ya kuwasha, kwani oili yote huwa imeteremka chini. Ikiwa kitabu cha gari chaagiza lipimwe likiwa na moto, basi lizimwe na kusubiriwa dakika 5 hadi 10. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa cheupe, kirudishe hadi mwisho, kisha kichomoe tena ndipo usome. Kipimo cha kwanza hudanganya, kwa kuwa oili hurukia juu ya kijiti gari linapotembea. Pima mahali pamoja na kwa wakati mmoja kila mara, na uandike tarehe, kilomita, na kiasi ulichoongeza. Mara moja kwa wiki yatosha, na kabla ya kila safari ndefu kama ya Nairobi, ambayo ni karibu kilomita 500.

Ukiongeza, ongeza robo lita kwa mara moja, usubiri, upime tena. Usipite alama ya juu kwa kudhani kuwa kingi ni heri. Oili ikizidi hupigwa na mtaimbo wa injini ikatoa povu, na povu halilainishi chuma. Aidha msukumo huzidi, na sili huanza kuvuja pale ambapo hazikuwa zikivuja.

Kitambaa kile cheupe nacho kina habari zake. Oili kuwa nyeusi si kosa, maana yaweza kuwa imebeba uchafu kama ilivyoumbiwa. Lakini ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, huenda maji ya rejeta yameingia ndani, na gari hilo lisiwashwe mpaka lionwe na fundi. Ikionekana kupanda badala ya kushuka, na inanuka petroli, yawezekana petroli inachanganyika nayo, jambo litokealo hasa kwa magari yanayokwenda safari fupifupi tu, injini isipate kuchemka sawasawa.

Moshi vilevile husema. Moshi wa samawati kwenye bomba ni ishara kuwa oili inaungua. Ukitoka kwa wingi asubuhi gari linapowashwa kisha ukapotea, mara nyingi ni sili za valvu zilizokauka, na matengenezo yake huwa mepesi kuliko ya pistoni. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta, huenda ringi zimechoka. Moshi mweusi ni wa petroli nyingi, si wa oili. Na moshi mweupe usiokoma, pamoja na maji ya rejeta kupungua, ni jambo la kukimbilia kwa fundi.

Liko jambo moja tunaloomba lisisahauliwe hata kama mengine yote yatasahauliwa. Ile taa nyekundu yenye picha ya birika linalodondosha tone haikuwekwa kukumbusha kwamba oili imepungua kidogo. Huwaka pale msukumo wa oili unapoanguka, yaani vyuma viko karibu kukauka. Ikiwaka ukiwa njiani, usiseme nitafika nyumbani kwanza, hata ikiwa nyumba yaonekana. Tafuta mahali pa salama, simama, uzime injini. Dakika chache za ukaidi zinaweza kugharimu injini nzima. Na anayesubiri taa hiyo ndiyo imwarifu, amechelewa.

Kuhusu aina ya oili, tufuate kitabu cha gari. Katika namba kama 5W-30, namba ya kwanza yaonyesha wepesi wa oili injini inapokuwa baridi, na ya pili uzito wake injini ikiwa na moto. Wako wanaoshauri kutia oili nzito ili matumizi yapungue. Huenda yakapungua kweli, lakini injini iliyoundwa kwa oili nyepesi itacheleweshewa ulainishaji kila inapowashwa, na ugonjwa utakuwa umefunikwa tu. Tena tununue kwa muuzaji anayejulikana, chupa iwe na muhuri mzima na alama ya KEBS, na tusidanganywe na urahisi wa bei.

Mwisho twalikumbusha jambo linalomhusu muuzaji kama linavyomhusu mnunuzi. Magari yetu mengi hufika katika bandari ya Mombasa yakiwa yamekwisha kutumika. Sheria ya Kenya huruhusu yasiyozidi miaka 8. Gari la namna hiyo laweza kuwa jema sana, ila afya yake haijulikani kwa kung'aa kwa rangi. Mnunuzi aombe kuliona likiwashwa asubuhi likiwa baridi, atazame moshi na uvungu, kisha achomoe kijiti kwa mkono wake. Naye anayeuza, akijua kwamba gari lake lala oili, ni wajibu wake kusema. Kuijaza hadi juu asubuhi ya mauzo na kunyamaza ni kuficha aibu ya bidhaa, na dini yetu imekataza hilo katika nafaka, katika mnyama na katika nguo. Gari halikutolewa katika hukumu hiyo. Fundi pia, anaposema "ifunguliwe" bila kupima, ajue kwamba anacheza na karo ya mtoto wa mtu.

Kwa mume aliye mbali, twasema: usimlaumu mkeo kwa simu juu ya jambo ambalo hujalipima. Mnunulie daftari na kitambaa, umwombe akusomee namba kila Ijumaa. Na kwa dada zetu, twasema: mwaweza kupima unga, mchele na samli bila kukosea, kijiti hiki hakiwashindi. Mwenye namba mkononi hatishwi na fundi, wala hapumbazwi.

Wabillahi taufiki.