Fahamu: Skana moja, kompyuta nne
Saiba ya Garissa mjini ikiwa na kompyuta nne na skana moja, wateja wa huduma za serikali za eCitizen hupanga foleni kwenye kompyuta ile yenye skana. Si lazima.

Teknolojia ya USB/IP, iliyobuniwa na Mjapani Takahiro Hirofuchi, imo rasmi ndani ya mfumo wa Linux tangu toleo la 3.17 la mwaka 2014. Hufunga data ya USB katika vifurushi vya mtandao, na kompyuta ya pili huiona skana kana kwamba imechomekwa kwake. Waya wa USB 2.0 huishia mita 5. Kebo ya mtandao hufika mita 100.

Kwa Garissa, Wajir na Mandera faida kubwa ni hii: intaneti haihitajiki. Faiba ikikatika, swichi ndogo ya mezani inatosha kuendelea kuskani.

Ila kompyuta hupokezana skana, moja baada ya nyingine. Na tahadhari kubwa: USB/IP yenyewe haisimbi data, hivyo nakala ya kitambulisho cha mteja hupita wazi. Wateja wa Wi-Fi wawekewe mtandao wao, na poti 3240 ya USB/IP isifunguliwe kamwe kwa intaneti.