Flashi Kwanza, Kufuta Baadaye
Tangu Microsoft isitishe huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mwenye kompyuta ya kuunga-unga pale Kiwalani, Dar es Salaam, ana sababu ya kuitazama Linux. Hafuti kitu: anaiwasha kwa flashi yenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kisha anajaribu sauti, printa na Wi-Fi.

Prosesa na memori hazisumbui sana. Kero ni Wi-Fi, hasa baadhi ya chipu za Broadcom zinazodai draiva ya pembeni, na kadi kuukuu za picha za NVIDIA. Amri ya lspci hutaja chipu yenyewe, na lsusb hutaja vifaa vya USB. Maandishi ya boksi (kama boksi lipo) hayatoshi.

Kiswahili nacho kimo kwenye programu huria: mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004.